Maombi Kabla ya Keki

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya Nairobi ambayo sisi watu wa Tanga hatukuumbiwa. Nimekaa kitandani kwa Achieng, hapa Huruma, nimejifunika kanga mbili na sweta lake. Macho yamevimba. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Baba amekufa.

Nimeliandika ili nilione. Amefariki, ameshazikwa, na mimi nimelisikia jana jioni hotelini Kariobangi, mbele ya sahani ya samaki, kutoka kwa mtu ambaye hakukusudia kuniambia.

Jana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Achieng. Ndiye rafiki yangu wa kwanza tangu nije kusoma huku. Ndiye aliyenionya kwamba Nairobi ukimwambia mwenye duka "naomba sukari" anadhani unaiomba bure. Hunicheka kwamba naongea kama msoma taarifa ya habari. Mitihani tulikuwa tumeimaliza Ijumaa, kwa hiyo furaha zilikuwa mbili. Mama yake alinunua keki, tukaenda watu watano kwenye hoteli moja ndogo: mimi, Achieng, mama yake, na wanafunzi wenzetu wawili. Uani mafundi walikuwa bado wanagonga mabati. Tukaagiza samaki na ugali, tukasubiri.

Nikikumbuka sasa, dalili zilikuwepo. Achieng alikuwa mpole mno kwangu wiki nzima. Nikisahau kula, ananiletea chakula. Nikipiga simu nyumbani, Kaka Hamisi anapokea yeye, ananiambia Baba yuko shambani, simu kaiacha. Siku nyingine, Baba yuko msikitini. Mimi nikanuna. Nikasema mzee huyu hata kunitakia heri ya mitihani kumemshinda.

Nilikuwa namnunia marehemu.

Mama Achieng ni mtu wa kanisa, hali kitu bila kukiombea. Alisimama palepale, mhudumu akapunguza redio, wote wakafumba macho. Mimi ni Mwislamu. Huinamisha kichwa kwa heshima, ila macho sifumbi. Akamshukuru Mungu kwa mwaka aliomwongezea mwanawe, akaombea matokeo yetu, akaombea hata mikono iliyopika. Kisha akasema, kwa sauti ileile:

"Na huyu mtoto wetu wa Tanzania, Mungu wangu, amepoteza babake na hata hajui. Umshike mkono."

Nilimwona Achieng akifumbua macho. Akanitazama. Mama yake aliendelea mpaka amina, ndipo alipoona nyuso zetu, akaketi polepole, kiganja mdomoni. Baadaye aliniambia kwamba maneno hayo alikuwa akiyaomba nyumbani kila asubuhi, na jana yalitoka tu pamoja na mengine. Namwamini. Akiwa mbele ya Mungu wake hajazoea kuchagua la kusema na la kuficha.

Moyoni nilisema inna lillahi. Mdomoni nilisema, "Kata keki, Achieng."

Sijui kwa nini. Nadhani niliona kwamba nisipouliza, bado kuna nafasi kidogo awe ni baba wa mtu mwingine. Basi akaikata, akanilisha mimi kwanza, kabla ya mama yake. Nikala. Nakiri hapa kwa kuwa nyumbani sitathubutu kumwambia mtu: nimesikia baba yangu kafa, nikala keki, na ilikuwa tamu.

Kisha nikamuuliza ni lini.

"Monday," akasema. "Brathe yako alinipigia. Akasema nisikuambie mpaka ufike home. Mwanaidi, ningefanya nini?"

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye mtihani wa takwimu. Alasiri, wakati bado nalalamika kwamba swali la mwisho lilikuwa gumu, walikuwa wanamzika. Najua kwetu maiti hailazwi. Najua hata ningeruka kwenye basi saa ileile nisingewahi. Bado nina hasira. Nina hasira na Kaka, nina hasira na Achieng aliyekaa nami usiku akinikaririsha maswali huku anajua. Mtihani ungerudiwa mwakani, kulikuwa na ubaya gani? Hakuna aliyeniuliza.

Mama Achieng alinishika mkono tangu Kariobangi mpaka hapa kwao, kama mtoto wa chekechea, akanipandisha ngazi zote, akanichemshia maji ya kuoga. Nilipoanza kulia alikaa nami sakafuni mpaka nikanyamaza. Ndipo Achieng akanimalizia yaliyobaki. Uamuzi haukuwa wa Kaka. Ni Mama yangu aliyekataa niambiwe kwa simu. Alisema hataki nilie peke yangu ugenini. Nisubiriwe, niketishwe mkekani katikati ya shangazi zangu, na yeye awepo anishike. Yuko eda, haendi popote, na hilo ndilo jambo alilobaki nalo la kunifanyia.

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nimpigie nimwambie kwamba najua? Nimuulize kwa nini alininyima baba yangu siku ya mwisho?

Nimempigia sasa hivi. Amepokea mwenyewe, sauti imemkauka. Ameniuliza mitihani imekwendaje, nikamwambia salama. Ameniuliza nakuja lini, nikamwambia kesho asubuhi napanda basi. Akaniuliza kama nimekula. Lawama zote zilikuwa tayari, nikawa nachagua tu ipi itangulie.

"Msalimie Baba," nikasema.

 Nyuma yake nilisikia wanawake wakiongea, na mtu akiosha vyombo.

"Zimefika, mwanangu."

Kesho nitaketi mkekani, niambiwe.