Fomu Mbili, Mama Mmoja

Jumatatu, 3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba kiti cha cherehani si cha kupumzikia. Natumaini huko lifti unazofunga zinapanda na kushuka na wewe hujakwama ndani ya mojawapo. Nisalimie wifi.

Najua umeshangaa kupata barua. Nyumbani siwezi kuongea. Simu ya mezani ikilia mama ndiye wa kwanza kuifikia, na haiachi mpaka aliyepiga aage. Yangu ya mkononi nayo haina siri, maana haondoki ubavuni pangu. Kazini simu zetu zinakaa kwenye droo ya msimamizi. Basi nakuandikia hapa juu ya meza ya kukatia sare, wenzangu wakila.

Ni kuhusu yeye. Wiki iliyopita nilikuta viatu vyangu vya kazini ndani ya jokofu, vimepangwa kwa adabu pembeni ya mayai. Nilicheka, naye akacheka, yakaisha. Juzi alitoka bafuni akaniuliza wenye nyumba wanarudi lini, hataki wamkute na taulo. Nikamwambia leo hawarudi.

Nimempeleka kwa daktari na ameandika apimwe kumbukumbu tarehe 19. Ndani ya bahasha hii kuna fomu. Kila mtoto anajaza yake bila kuonyeshana na mwenzake: maswali kumi na sita, kama anakumbuka mambo ya juzi, kama anajua siku, ukilinganisha na miaka kumi iliyopita. Ukimaliza mtumie daktari moja kwa moja, anwani iko juu. Ijaze kwa ukweli hata kama unauma.

Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kuwa ni mimi tu ninayeona.

Dada yako


Jumanne, 11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, nina mafua kidogo tu. Wifi yako anakusalimu.

Fomu nimeshaituma. Sasa usinikasirikie: nimeweka alama kumi na sita kwenye "hakuna mabadiliko". Ulisema niseme ukweli. Mimi naongea na mama kila Jumapili saa kumi, nusu saa nzima, na wakati mwingine zaidi. Sauti yake ni ile ile. Hanikatizi, ananipa pole panapostahili pole, ananiuliza kama kuna lingine. Wangapi wana mama wa hivyo katika umri ule? Umesahau alikuwa opereta wa simu miaka thelathini na moja? Mtu aliyebeba namba za mji mzima kichwani, leo viatu viwili ndani ya jokofu ndiyo vimfanye mgonjwa?

Nadhani umechoka, dada yangu. Unashona kutwa, ukirudi unamtazama yeye kutwa nyingine. Ukimkodolea mtu macho hivyo, hata mimi utaniona nina kasoro (ninazo, lakini si za kupimwa hospitali). Lala mapema. Mwache mama azeeke kwa raha zake.

Mdogo wako


Ijumaa, 21 Februari

Mdogo wangu,

Mafua yameisha? Sisi huku wazima wa mwili.

Juzi tulikwenda. Daktari ni binti mdogo, mpole. Alimuuliza mama leo ni siku gani. Mama akamjibu, "Kwani na wewe umesahau?" Wote wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Akampa maneno matano ayashike: sahani, ngazi, limau, kengele, shati. Baada ya dakika kumi akamwomba ayarudishe, na mama akanigeukia mimi kama vile niliyaazima nikakataa kuyarudisha. Akaambiwa achore saa. Namba zote kumi na mbili alizirundika upande wa kulia, kushoto pakabaki peupe, akaitazama kazi yake muda mrefu, akasema, "Hii imeharibika." Nilitaka kumtoa pale nimpeleke nyumbani.

Kisha daktari akaziweka fomu zetu mbili mezani, moja kando ya nyingine. Yangu ina alama kumi na nne za "vibaya sana". Yako unaijua. Akaniuliza kama tunamzungumzia mtu mmoja. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nalala vya kutosha na kama kuna ugomvi katika familia. Halafu akasema majibu ya vipimo yako katikati, kwamba hofu peke yake inaweza kumfanya mtu ashindwe, na kwamba watoto wakipingana hivi hawezi kuandika lolote. Turudi tarehe 23 Mei.

Bila maandishi yake, kituo cha kulea wazee mchana hakimpokei. Kwa hiyo kila asubuhi nikienda kazini namfungia mama kwa ufunguo. Ndiyo, namfungia ndani. Nakwambia ili ujue alama zako kumi na sita zinafanya kazi gani huku.

Sasa sikiliza habari ya Jumapili zako. Ile unayoisikia ni kazi yake, anaifanya usingizini. "Nakusikia vizuri, endelea." "Pole sana, na wewe ulifanyaje?" "Ndiyo, nakufuata." "Kuna lingine?" Nimekaa naye chumba kimoja kila Jumapili, nimezihesabu sentensi zake, hazizidi kumi na moja. Jumapili iliyopita, ulipokata, nilimuuliza alikuwa nani. Akasema, "Sikumuuliza jina. Lakini kijana ana adabu."

Dada yako


Jumatatu, 31 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Sijui, maana hujaandika, na Jumapili nne sasa hujapiga.

Barua yangu ile niliiandika na hasira, na nilipoitia sandukuni nilitamani mkono wangu uingie niichomoe. Sikusema uongo, lakini ningeweza kusema taratibu. Mama hajaulizia simu yako. Ningependa kukwambia anakaa kuisubiri, ila tumekubaliana ukweli.

Anayeisubiri ni mimi. Nilikuwa nikiisikia sauti yako kwa mbali kupitia sikio lake, maneno hayasikiki, mlio tu. Sasa Jumapili nyumba imenyamaza, tunatazamana mimi na yeye, na yeye hajui anamtazama nani.

Hata mstari mmoja utatosha.

Dada yako


Jumatatu, 14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Hapana, mimi si mzima, wacha niseme.

Barua yako ilinikasirisha hadi nikataka kukuumbua. Jumapili ya tarehe 2 Machi nikapiga makusudi, ulikuwa dukani nadhani. Nikamwambia, "Mama, nimeanguka kwenye shimo la lifti, nimevunjika mguu." Akasema, "Ndiyo, nakufuata." Nikamwambia wanataka kuukata. Akasema, "Pole sana, na wewe ulifanyaje?" Sauti nzuri, dada. Sauti ile ile. Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akasema, "Ungependa kuongea na nani?" Nikasema na mama yangu. "Subiri kidogo kwenye laini," akasema, na nikasikia simu inalazwa mezani.

Nikasubiri. Nilisikia kandambili zake zikienda jikoni. Bomba likafunguliwa, likafungwa. Akaimba kidogo. Sikukata. Nilisimama na simu sikioni mpaka uliporudi, nikasikia ukisema, "Nani kaiacha simu wazi?" Ndipo nikakata mimi, kwa aibu.

Kuna jambo hulijui. Huna wifi. Aliondoka mwaka juzi, mwezi wa nane. Salamu zake zote nilizitunga mimi. Wewe sikukwambia kwa sababu ulimpenda na ungeniuliza nilifanya nini. Mama nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, Jumapili baada ya Jumapili: jinsi chumba kilivyo, jinsi ninavyokula nimesimama, makosa yangu, hata nililolia. Alinipa pole kwa kila jambo. Sikuwahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote. Karibu miaka miwili, dada, na hakukuwa na mtu. Ndiyo maana alama zikawa kumi na sita. Kama mama ni mgonjwa, basi mimi nilikuwa naongea na ukuta, na hilo sikuweza kuliwekea alama.

Nimemwomba daktari fomu nyingine, akanitumia. Haina sehemu ya "sijui", kwa hiyo nimeiandika kwa mkono pembeni ya kila swali, mara kumi na sita. Chini nimeandika: "Mimi namjua kwa simu tu. Mwamini dada yangu."

Tarehe 23 nimeomba ruhusa mara mbili na nimenyimwa. Jengo linakabidhiwa Juni na lifti tano bado hazijapimwa. Sina cha kujitetea zaidi ya hapo. Nisamehe kwa ule ufunguo.

Mdogo wako


Jumatatu, 26 Mei

Mdogo wangu,

Umelala vipi huko? Umekula umekaa? Anza na hilo, kisha soma.

Tulikwenda Ijumaa, mimi na yeye. Daktari alikuwa amekuwekea na wewe kiti cha tatu, nikaweka pochi yangu juu yake. Maneno matano yalikuwa mengine, hakurudisha hata moja. Saa hakuichora kabisa, alirudisha kalamu akashukuru. Daktari aliisoma fomu yako mpaka mwisho, maandishi ya chini akayasoma kwa sauti, halafu akanitazama kama anayeomba radhi. Akaandika. Ni ugonjwa wa kusahau, na umeanza siku nyingi. Haurudi nyuma.

Nilikuwa sahihi, mdogo wangu. Nilidhani nitapumua. Nilikwenda chooni nikafungua bomba nikalia, na nilipotoka nikamkuta amekaa na wagonjwa wengine anawapa pole mmoja mmoja, na wao wanamweleza shida zao.

Jumatatu ijayo anaanza kwenda kituoni. Siku hiyo ule ufunguo ninaomfungia nitauacha kazini, sitaki kuuona nyumbani.

Kuhusu wifi, nimekasirika, nitakusema siku yake. Lakini hukuwa unaongea na ukuta. Mimi nilikuwa chumba kile kile Jumapili zote hizo, umbali wa kiti kimoja, nikitamani mtu aniulize mimi hali. Tungekuwa wawili na hatukujua.

Jumapili piga. Ataipokea yeye, atakusikiliza, mwache afanye kazi yake, anaipenda. Akikwambia usubiri kwenye laini, akailaza simu mezani, usikate. Nitaichukua mimi. Unieleze tangu mwezi wa nane, pole pole, na mimi sijui zile sentensi nzuri, nitakukatiza na nitagomba. Ila usimalize muda wote peke yako, maana na mimi nina mengi na sijamwambia mtu.

Dada yako