Mikia Ninayompa Lokosang

Hai Jalaba,
Juba.
Jumatatu, 10 Februari 2025.

Mpendwa Christabel, binti wa dada yangu,

Salamu kutoka kwenye joto. Eldoret bado baridi inawafunga midomo, au mmeshaizoea? Mgongo wa mumeo umepona? Na Yangi mdogo ameota meno ya mbele? Sisi huku ni wazima. Mke wangu Harriet analalamika kila asubuhi, kwa hiyo najua hana ugonjwa. Mimi goti moja limezeeka, lingine bado kijana. Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha Arua, cha darasa la nne, maana Kibari chako kinatosha kuomba maji tu.

Sasa nijibu lile neno lako la kwenye simu. Ulisema mzee wa umri wangu hachezi na ndege za kurusha, niache kabla sijafungwa. Nimekusikia vizuri sana. Siachi.

Kwanza ujue maneno yalianzaje. Mukasa, yule Mganda wa soko la Custom anayeuza vitu vya kuziba matangi, ndiye ananiwekea kitambaa cha fibaglasi na gundi yake. Alinipigia nikiwa kwa kinyozi, akauliza kazi imefika wapi. Nikajibu kwa sauti, "Iko tayari. Tayari kabisa." Pale kwa kinyozi wanaongea Kiarabu cha Juba, na kwa Kiarabu hicho ndege ni tayara. Kabla kichwa changu hakijanyolewa upande wa pili, mtaa mzima ulijua mzee Jubek ana tayara. Ubaya ni kwamba walisikia vibaya na bado wakapata ukweli.

Jioni Lokosang, mkubwa wa mtaa wetu, akaja na watu wake.

"Mzee, wewe iko na tayara?"

"Iko."

"Ya kazi gani?"

"Ya kuruka. Ulitaka ilime?"

Nikamwonyesha. Haina injini, haina kamera. Unairusha kwa mkono, inateleza hewani mpaka ichoke. Mabawa yake hayafiki urefu wa kitanda. Lokosang akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema tayara ni tayara, na mtaa hautaki maneno na askari. Akauliza ni kitu gani kikikosekana haiwezi kuruka. Mimi na mdomo wangu nikasema mkia. Kalas, akaung'oa mkia, akaondoka nao kwapani, kesi imekwisha.

Christabel, huyo mtu hakuuliza mkia unatoka wapi. Unatoka kwenye meza ya kioo uliyomletea Harriet. Nachonga lile povu jeupe la ndani ya boksi la televisheni mpaka liwe jembamba. Nalaza kitambaa juu ya kioo, napaka gundi, halafu nakamua kwa kadi ya zamani ya benki mpaka gundi ya ziada yote itoke, kwa sababu mkia mzito unafanya ndege ikae kitako hewani kama mbwa. Kisha povu, kitambaa kingine, ubao, matofali. Asubuhi ngozi inatoka ngumu, imenyooka, inang'aa kuliko viatu vya mchungaji. Nilijifunza kwa video za simu. Mzungu anaongea, mimi naangalia mikono yake tu.

Lakini mzungu alipaka kioo nta ya gari kwanza. Mimi nikaona nta ya nini, na mafuta ya lulu, ya kokwa za mti, yale mama zetu walitupaka utotoni, yapo jikoni. Mkia ukaganda kwenye kioo. Malesh, unisamehe, meza yako sasa ina alama ya mkia katikati. Harriet ameifunika kwa kitambaa alichodarizi mwenyewe, na mimi ameninunia.

Nikanunua nta, nikatengeneza mkia wa pili. Lokosang akanikuta uwanjani kabla sijarusha, akauchukua huo pia. Nikatengeneza wa tatu.

Utasema huu ni ukaidi. Ni ukaidi. Mama yako Caroline alikuwa mdogo sana kukumbuka vita. Nilimbeba mgongoni msituni, na ndege ya mabomu ikisikika tulijitupa shimoni, uso kwenye mchanga, mikono yangu juu ya masikio yake. Ndege zote hizo nimezisikia, sikuwahi kuitazama hata moja. Sasa nataka kutazama moja, iliyotoka mikononi mwangu, nikiwa nimesimama. Lokosang atachukua mikia mpaka ofisi yake ijae.

Jana, baada ya ibada, nilikwenda uwanja wa mpira mchana kweupe. Sikujificha. Nilikuwa nimemtumia Lokosang ujumbe kwamba narusha saa tisa, aje na kiti. Akaja na watu wake. Harriet, aliyeapa haji, akaja pia, akasimama mbali kama hatujuani.

Nikarusha. Ikapanda kidogo, ikajinyoosha, ikazunguka goli la upande wa pili kimya kabisa. Wazee wenzangu wawili waliinama chini kwanza, mikono kichwani. Kisha wakaona mimi nimesimama, wakanyoosha shingo. Hakuna aliyekimbia. Ikatua kwenye majani.

Lokosang akanyoosha mkono. "Mzee, mkia."

Nikaung'oa mwenyewe, nikampa. "Huu utunze kuliko ile mingine," nikamwambia. "Ni mwepesi. Wa nne nimeuacha chini ya matofali, kesho utakuwa umekauka."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini mkia hakuutia kwapani. Aliubeba kwa mikono miwili.

Kwa hiyo usinitumie nauli ya kuja kupumzika kwenu. Ukipata mtu wa basi, nitumie nta ya gari, ile ya mkebe.

Msalimie mama yako Caroline, mumeo, na Yangi, umwambie babu yake bado hajafungwa. Mungu awalaze salama na awaamshe na njaa ya chakula kilichopo.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda hata ukinikaripia,

Jubek