Divai ya Mahari ya Clarisse

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Nimeficha tangu ujana: nazijua divai za Ufaransa. Mimi, Godefroid, mzee wa kanisa linalokataza pombe! Clarisse, mjukuu wangu, ananiona na tablet mapajani, anadhani nafuatilia mahubiri. Wapi! Nasoma habari za Bourgogne, mkoa wa divai huko Ufaransa. Nilianza nikifundisha jiografia Bukavu. Sikuacha katika kambi ya wakimbizi, wala hapa Dallas.

Daktari anasema moyo umechoka, huenda nisifike Krismasi. Sawa. Ila nisife kabla Clarisse hajaposwa! Keshokutwa wazazi wa mchumba wake, Method, wanatoka Houston kuleta mahari. Ni Watanzania. Mwanangu Vital, msemaji wetu, amewadai divai kubwa ya Kifaransa. Kanisani hatunywi, kwenye mahari divai haikosi. Hakuna anayeuliza inaishia wapi.

Jumamosi, 8 Novemba

Loo! Hili lazima niliandike.

Elimringi, baba yake Method, aliweka mezani chupa sita. Lebo nyeupe, maandishi madogo: Meursault. Vital akazisukuma kando, akasimamisha chupa yake ya supermarket — kwenye lebo ngome ya dhahabu, Grand Vin de Bordeaux.

"Hii njo divai! Zenu hazina hata château, hata ngome moja. Meursault ni nini? Nimeangalia ku telefone — ni village! Munatuletea divai ya kijiji, sisi ni bashamba?"

Elimringi akainuka. "Method, chukua funguo. Hatukuendesha kutoka Houston kuja kutukanwa."

Chumbani, Clarisse, aliyekuwa akisubiri kuitwa, akaanza kulia. Nikagonga fimbo sakafuni.

"Vital, kaa!"

Akakaa. Wote wakakaa! Nikafundisha kama zamani. Chini kabisa ni divai isiyotaja inakotoka, Vin de France basi. Juu yake ile ya eneo pana. Juu zaidi ile ambayo sheria inalinda asili yake: mipaka ya shamba, aina ya zabibu, namna ya kuitengeneza. Huko Bourgogne, kilipo kijiji cha Meursault, kinachopewa cheo ni udongo. Mahali panapotajwa pakizidi kuwa padogo, divai inazidi kupanda: mkoa, kijiji, kisha shamba lenyewe.

"Soma chini ya hicho kijiji chako."

Vital akasoma polepole. Jina la shamba. Premier Cru.

"Juu ya hapo kuna Grand Cru tu. Bordeaux ni mambo mengine. Mwaka 1855 walizipa vyeo nyumba za wenye mashamba, si udongo. Na hiyo Grand Vin yako haimo katika ngazi yoyote."

"Lakini imeandikwa grand, Papa!"

"Kaiandika mwenye chupa. Kama wewe unavyojiita Honorable."

Kicheko! Hata Vital alicheka. Elimringi akanishika kwa mikono miwili: "Shikamoo, mwalimu. Mimi mwenyewe niliuliza tu dukani." Clarisse akatolewa kwa vigelegele. Mahari imepokelewa! Moyo mbovu, lakini leo umepiga kama ngoma.

Jumapili, 9 Novemba

Habari ilifika kanisani kabla yangu. Akina mama walinong'ona. Baada ya ibada Mchungaji Nathanaël akatufuata nyumbani, uso mzito. Akamkuta Method, nesi mzima anayejua hali ya moyo wangu, akifungua chupa moja.

"Babu, jana umetupa darasa. Leo tufundishe ladha."

Mchungaji akaniuliza kwa upole ni tangu lini ninakunywa. Vital akadakia: "Sema tu, Papa! Hata mimi nataka kujua ulikunywa wapi."

Nikasema nakwenda chumbani kutafuta miwani. Ninayo puani. Nacheka peke yangu kitandani, kama mwanafunzi mtoro. Harufu imepita chini ya mlango — sikuitarajia hivi! Vitabu viliitaja siagi, lakini siagi ya vitabu hainukii.

Clarisse anagonga, ananiita babu kama kawaida. "Koko, are you okay? Glasi yako iko tayari. Mchungaji bado anangoja jibu."

Jibu ni fupi. Sijawahi kuionja.