Ramazani, Lile Jiwe Halikufika

Ramazani, ndugu yangu,

Ni mimi Asani, mupishi. Naandika kwa mukono wangu mwenyewe. Unakwenda polepole, maana herufi nilijifunza kwenye karatasi za vyakula vya muzungu, chumvi, unga, siagi. Lakini hapa Lusangi, katika rika letu, nani mwingine anaweza hata hivyo? Hakuna.

Mwaka umepita toka tukuzike. Majani yameota juu yako, mbuzi wanakuja kula, mimi nawafukuza. Hiyo ni kazi ndogo. Iko kazi kubwa ambayo sijaifanya.

Sikia mambo yalivyokuwa, si vile nilivyokuambia.

Muchana ule nilikuwa natoa sahani. Muzungu wangu, yule wa kutafuta mawe ya bati, alikuwa anasoma gazeti la kwao. Akaniita. Akaweka chungwa katikati ya meza, akasema, hili ni jua. Akachukua yai la kuchemsha, hii ni dunia, akalizungusha taratibu. Halafu akaokota punje ya muchele, muchele niliopika mimi, akaipitisha njia ndefu: inatoka mbali, inakuja karibu na chungwa, inarudi mbali tena. Na njia ya muchele ikakata njia ya yai. Akasema iko jiwe dogo huko juu, halifiki ukubwa wa mulima, linazunguka jua kama sisi. Lilipita karibu na dunia. Wenye miwani mikubwa waliliona siku chache, halafu likawapotea.

Nikauliza, litarudi lini? Akasema hakuna anayejua. Nikauliza, litatupiga? Akacheka. "Kukata njia si kukutana, Asani. Wewe na nyoka munakata njia moja kila siku. Wewe asubuhi, yeye muchana." Halafu akamenya yai, akalila.

Nilisikia vizuri. Alisema kwa Kifaransa, na Kifaransa changu hata karani alikuwa anakiogopa. Sikukosea neno hata moja.

Lakini jioni nilipofika kwako watu walikuwa wengi, na mimi, ukinipa watu wengi, siwezi kunyamaza. Nikasema jiwe linakuja kupiga dunia. Mutu akauliza lini. Nikasema: wakati wa kuvuna pamba. Kwa nini pamba? Sijui, Ramazani. Ilinijia mudomoni tu. Watu wakacheka, wakaenda zao. Wewe peke yako hukucheka. Uliniuliza, "Asani, kweli?" Nikakujibu, "Mimi nakula meza moja na yule mutu, nitadanganya?"

Kwenye meza ile sijakula hata siku moja. Nilikula jikoni, nimesimama.

Ukaenda kufikiri peke yako. Pamba inataka miezi mingi, karanga mitatu tu. Basi ukapanda karanga katika shamba lile la pamba ya lazima, lile monitere, musimamizi wa pamba, alilokupimia kwa kamba. Ulitaka watoto washibe kabla ya jiwe kufika. Ulikuja kuniambia, na hapo nilikuwa na nafasi ya kusema, ndugu yangu, acha, nilitia chumvi. Nikakusifu. Nikasema wewe iko na akili kuliko kijiji chote.

Monitere akafika. "Pamba iko wapi? Wazungu watavaa karanga?" Nilikuwepo, nimeshika kuku wawili wa muzungu. Akakuuliza, nani alikuambia upande hizi? Ukasema, "Niliota." Hukunitazama hata kidogo. Nami nikatazama kuku.

Wakakupeleka gereza la Kabambare. Siku niliyopita pale na mizigo ya muzungu, ulikuwa unavunja mawe ya barabara. Uliniona, ukaita kwa sauti, "Asani! Zimebaki siku ngapi?" Wafungwa wote wakageuka. Hata pale uliniamini, Ramazani. Nikakujibu, "Chache." Nikaongeza mwendo.

Ulirudi na kikohozi. Pamba ya wenzako ilivunwa, ikabebwa, ikauzwa, mbingu ikabaki vile vile. Watu wakaja kunicheka, na wewe, kifua kinakuuma, ukawaambia, "Labda limechelewa." Nilikuletea supu kila siku. Supu nzuri, sisemi uongo, hata muzungu hakupata kama ile. Lakini neno hili halikutoka, mpaka ukafa.

Sasa iko hivi. Binti yako Asha alikuwa aposwe na watu wa Wamaza. Kijana anamutaka. Baba ya kijana anakataa, anasema hawaoi kwa muvivu aliyelala akaota wakati wenzake wanalima pamba. Mama Asha akaja kwangu kuniomba niende Wamaza kukusifia. Kukusifia, mimi! Nikamwambia yote. Hakulia. Alishika kitunga chake, akasema, "Alikuamini wewe, shemeji, na mimi nikamwita mupumbavu mpaka siku ya mwisho." Akaondoka bila kuaga. Asubuhi akatuma mutu kuniuliza nakwenda Wamaza lini.

Nakwenda Ijumaa, kwa miguu. Miguu hii bado inawashinda vijana wa hapa, waulize. Lakini mudomo wangu nauogopa. Nikienda nao peke yake najua itakavyokuwa: nikifika katikati, jiwe litakuwa kubwa kuliko dunia, nami nitakuwa nimeliona kwa macho yangu, na watu watanipigia makofi. Ndiyo maana nimeandika. Nitasimama mbele ya baba ya kijana, nitasoma karatasi hii kama ilivyo, kidole juu ya kila neno, hata pale pa jikoni. Monitere akisikia akinipeleka Kabambare, sawa. Wakicheka, watacheka mimi.

Wakikataa, nitarudi Ijumaa ya pili, na ya tatu, mpaka wachoke na sura yangu. Kuchosha watu, unajua mwenyewe, hakuna anayeniweza.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akulaze pema. Hukuwa muvivu, Ramazani. Nitawaambia.

Asani