Mtoto wa Ishirini

Gulwe, Oktoba 1913

Kwa kaka yangu Matonya,

Shikamoo kaka, na kwa salamu ya kwetu, mbukwenyi, wewe na wifi yangu na watoto wote wa tembe lile. Natumaini kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanadai umri ambao sijaufikia. Barua hii atakusomea mwalimu Bartolomayo, nami nimemwomba asiruke neno, hata pale utakapomwambia aruke.

Huku kiangazi kimekaza. Mchana nchi yote inayeyuka. Vilima vinaelea kama ng'ombe wanaovuka mto, na gari la moshi huonekana kabla halijasikika, likitetemeka huko mbali, halina magurudumu. Nikishawauzia wasafiri na mafundi wa reli mikate na samli, hukaa kivulini nikasinzia, na kila nikisinzia namwona baba. Anapita katikati ya mifugo, mikono nyuma, akihesabu kwa midomo bila sauti. Mimi nimesimama miongoni mwao nangoja zamu yangu. Anafika, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, anapita. Naamka nina kiu.

Unaukumbuka mwaka ule jumbe alipotangaza kila nyumba itoe mtoto mmoja kwa shule ya Mpwapwa. Baba aliamini ni kodi nyingine, kwamba watoto watapelekwa pwani kubeba mizigo na hawatarudi. Wewe mrithi akakuficha machungani siku tisa. Mimi akanishika mkono tukaenda. Mwalimu wa wakati ule alisema alitaka wavulana; baba akamjibu kwamba hajasikia kodi ikichaguliwa. Mwalimu akahesabu, akaona anao kumi na tisa na ameagizwa ishirini, akaniandika. Baba mdogo alimtania baba mbele ya watu, kwamba amelipa kodi kwa kibuyu kilichopasuka, na baba alicheka sana. Nilikuwa na miaka tisa. Siku alipokwenda zake nilimtazama njiani mpaka akawa mdogo kuliko kidole changu.

Basi kibuyu kikajifunza kusoma na kuhesabu. Ndiyo maana naikumbuka siku ya matanga ya baba kuliko mnavyopenda. Ng'ombe walikuwa thelathini na wanne, na tisa kati yao walikuja kwa mahari yangu. Niliomba mtamba mmoja. Wazee walisema binti akirithi ng'ombe leo, kesho atadai ndevu. Wewe, kaka, ulicheka nao ukiwa umeziba mdomo kwa kiganja ili nisione. Kiganja nilikiona.

Mume wangu alipofariki, ndugu zake nao waligawana kila kitu, nikatoka na sufuria na nguo nilizovaa. Nikaja hapa relini, nikaanza na unga wa kibaba kimoja.

Halafu ugonjwa ukapita zizini mwako, wakabaki ng'ombe watatu. Ndipo Shaban, mfanyabiashara wa Mpwapwa, alipokuletea majike sita uwatunze kwa desturi yetu: maziwa ni yako, ndama ni wa mwenye mali, na mtunzaji mwema hupewa mmoja siku moja. Watoto wako wakanywa, wakapona njaa ile. Nilisikia ulisema kwenye pombe kwamba Shaban ni ndugu kuliko dada wa tumbo moja ambaye anajua kuandika tu. Maneno hayo aliniletea Shaban mwenyewe, akicheka mpaka akakaa chini.

Kaka, wale ng'ombe si wa Shaban. Ni wangu. Niliwanunua mmoja mmoja, kwa mikate, nikamwomba awalete kwa jina lake, kwa sababu mwanamke akiwa na ng'ombe wazee husema ni wa kaka yake, na wewe usingewakatalia. Na nikiri lote: nilitaka unywe maziwa yangu bila kujua, ili siku moja nikuambie. Siku hiyo nimeiota miaka mitatu, jinsi wengine wanavyoota harusi. Imefika, na utamu wake siuoni.

Imefika kwa sababu ya binti yako Zipora, ambaye ulikubali nimchagulie jina. Shaban anasema mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde ameahidi ng'ombe kumi na wawili, na atangoja mtoto akue. Ana miaka kumi, kaka. Anasema pia kwamba jioni ni Zipora anayehesabu mifugo ikirudi, kwa kuwa wewe hukosea na hutaki kusemwa.

Wangu sasa, pamoja na ndama, ni kumi na mmoja. Wachukue wote, wawe wako kabisa. Mwambie mzee atafute kwingine, na mtoto aende Mpwapwa akasome. Najua kwamba kumi na mmoja ni pungufu ya kumi na wawili, sihitaji mtu anikumbushe. Wa kumi na mbili sina.

Sharti langu ni moja. Usimtume na Shaban, wala na mtu yeyote anayepita njia. Mpeleke wewe, kwa miguu yako, na umwambie mwalimu, mtoto akisikia, kwamba katika watoto wako wote huyu ndiye uliyemchagua. Kisha usiondoke haraka. Kaa naye pale uwanjani mpaka aseme mwenyewe kwamba sasa unaweza kwenda.

Nisalimie wifi, na majirani wanaoniuliza, na wasioniuliza pia. Yule jike mwekundu ana chuchu moja mbovu upande wa kushoto, mumkamue polepole. Mungu awape mvua mapema mwaka huu.

Ni mimi dada yako,
Loisi