Ulimi wa Pili wa Winchi

Mjomba Chacha,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na wewe bila shikamoo, mkono wenyewe umekataa. Nimekaa kwenye benchi lako hapa karakana, Nyarero, Jumapili mchana, watu wote wako kanisani. Nimeizungusha ile winchi kwenye kompyuta mpaka nimepoteza hesabu. Inazunguka vizuri, na bado siiamini. Kesho asubuhi naipeleka Kemambo. Ngoja nikueleze kwa nini naogopa hivi, maana watu wengine nimewaambia tu kwamba nina malaria.

Tangu tukuzike, rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo, imezidi. Kemambo sasa kila mwenye shamba ana duara, shimo pale palipokuwa na mihogo, na kila duara linataka winchi ya kuteremsha watu na kupandisha mawe. Mwanao Marwa naye ameacha karakana, kaenda kuchimba. Eti moshi wa kuchomelea umemchosha, utafikiri huko chini kuna hewa safi! Nilimsema nikachoka. Kwa hiyo nimebaki mimi, Bhoke wako, na mashine ya kuchomelea, na kompyuta.

Kompyuta, ndiyo. Usicheke. Alinitumia binamu yangu Robi kutoka Migori, imetumika, kitufe kimoja hakipo. Akanifundisha kwa simu kuchora mashine, na kile Kiswahili chao cha upande wa pili wa mpaka: "Wee Bhoke, hiyo ni kitu rahisi sana." Rahisi wapi! Unachora kila kipande peke yake: ngoma ya kuzungushia kamba, ekseli, vishikio, gurudumu la meno. Kisha unaiambia kompyuta hiki kikae ndani ya hiki, hiki kizunguke kwenye hiki. Wiki ya kwanza ngoma yangu ilikuwa inaelea hewani na vishikio vinapita katikati ya fremu kama mzimu. Siku nilipofaulu kubandika mota ya kuigiza, winchi nzima ikazunguka kwenye kioo, nilipiga yowe mpaka mama wa duka la jirani akaja mbio akidhani nimepigwa shoti.

Nilinakili mchoro wako, Mjomba. Ule wa chaki, hapa sakafuni, wa ukubwa wa winchi yenyewe, uliouchora wiki moja kabla presha haijakuangusha. Siku za msiba niliuzungushia matofali watu wasiukanyage. Nikaupima kwa kamba yako ya mafundo, nikaingiza kila kitu kwenye kompyuta. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Ulichora ndimi mbili. Vile vipande vya chuma vinavyoangukia kwenye meno ya gurudumu ili ngoma isirudi nyuma mtu anapopandishwa. Mmoja unaangalia huku, mwingine unaangalia kule. Kila winchi yako ilikuwa hivyo. Kuchomelea nilichomelea miaka yote hiyo, kuuliza sikuuliza. Sasa nilipoweka zote mbili na kuiambia kompyuta chuma kisipite ndani ya chuma, winchi ikagoma. Ulimi mmoja unazuia kwenda, mwingine unazuia kurudi. Nikahangaika siku nzima. Mwishowe nikasema kwa sauti, humu humu ndani: hapa mjomba alikosea. Nikaubonyeza ule wa pili, nikaufuta. Winchi ikazunguka laini kabisa. Yaani niliringa, Mjomba! Nikamtumia Robi video, akanijibu kwamba sasa nimekupita.

Nikaitengeneza hivyo hivyo, ulimi mmoja. Mwita akaja kuichukua na vijana wake wa duara. Mwita unamjua, yule msimamizi anayevaa kofia ya kazi hata harusini.

Winchi yako wewe haikutumika kabla hujashuka nayo. "Nisipokaa mimi kwenye mpira, asikae mtu." Unakaa kwenye ule mpira wa gari uliofungwa kamba, wanakuteremsha, na wakati wa kupanda, ukiwa nusu ya njia, unaita "Achia!" Wote wanaachia vishikio, ulimi unakamata, na wewe unaning'inia pale unacheka peke yako. Mimi niliambiwa mwanamke hasogei kwenye duara, dhahabu inakimbia. Nikajifanya nimekasirika. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilishukuru Mungu kwa mwiko wao, maana shimo naliogopa tangu utoto. Hilo nalikiri kwako tu.

Jumanne iliyopita mteja mwingine alitaka kuona winchi ikitembea kwenye simu. Nikaandika kasi ya mota, kidole kikateleza kikaweka alama ya kutoa. Ngoma ikazunguka kinyume, na ulimi ukawa unarukaruka juu ya meno, ka-ka-ka-ka, haukamati kitu. Nilikuwa nataka kurekebisha tu niendelee. Halafu nikakumbuka kamba.

Huku kwetu kamba ikianza kuota manyoya, nani ananunua mpya? Wanaigeuza. Wanaizungushia kwa chini ya ngoma badala ya juu, ili upande uliochakaa upumzike. Kila duara wanafanya hivyo, na wewe ulijua. Kamba ikipita chini, ngoma inapandisha kwa kuzunguka kinyume. Ulimi wa pili ulikuwa wa siku hiyo: unainua mmoja, unaufunga kwa ndoano, unashusha mwenzake. Kompyuta haikulijua hilo. Mimi nililijua nikiwa mtoto, ila sikulifikiria, kwa sababu kwenye kioo kamba haichakai.

Mjomba, nilivyotoka hapa! Hata mlango sikufunga. Nilimpigia kelele kijana wa bodaboda njia nzima mpaka akatishia kunishusha. Nilipofika Kemambo sikumwamkia mtu, nikaenda moja kwa moja hadi mdomoni mwa shimo, dhahabu na ikimbie. Kamba walikuwa wameshaigeuza. Na ulimi wangu, kwa kuwa sasa ulikuwa unawazuia kupandisha, wameuinua juu wakaufunga kwa waya. Wanaume wawili walikuwa wanazungusha vishikio kwa nguvu za mikono tu, viganja vimelowa jasho. Kiganja kingeteleza, basi tena. Nikauliza nani anapanda. Wakasema Marwa.

Nikashika kishikio pamoja nao, nikang'ang'ania mpaka akatokea, uso wote vumbi, akanitazama akasema, "Dada, umekuja kutufukuzia dhahabu?" Nikamkumbatia mbele ya watu nikalia. Akadhani nyumbani kuna msiba mwingine.

Mwita alibisha. Mbona siku zote inafanya kazi? Nikamwomba ahakikishe hakuna mtu chini, afunge kiroba cha mawe, wakiteremshe hadi nusu, halafu waachie vishikio na kukaa mbali. Wakaachia. Vishikio vilizunguka hata huvioni. Tukasikia kiroba kilivyofika chini, na kilichukua muda kufika. Marwa akakaa kwenye udongo. Nikawaambia kosa ni langu, mchoro wa mjomba ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyeufuta. Nilisema yote.

Nusura nikuletee mwanao, Mjomba. Nisamehe. Sijui huko mliko mnasameheana vipi, lakini nisamehe.

Winchi niliirudisha karakana, sasa iko hapa mbele yangu. Ulimi wa pili upo, na ndoano yake. Kwenye kompyuta nimeigeuza kamba juu, nimeigeuza chini, nimeshusha ulimi huu nikainua ule. Inakamata. Nimeizungusha kwa mkono, kama ulivyokuwa ukinifokea nifanye, inakamata. Lakini hata ile ya kwanza ilizunguka vizuri, na hapo ndipo hofu inapoanza upya. Je, kama kuna kitu kingine ulichora nami sijakielewa? Nimepiga magoti sakafuni nikafuata chaki yako mstari kwa mstari. Karibu na ekseli kuna alama ndogo nyeupe, sijui uliiweka makusudi au chaki ilikudondoka. Nimeikodolea macho tangu asubuhi. Nimepima pale na fundo la kamba, haiendani na kipimo chochote. Nimeamua ni chaki iliyodondoka. Naomba Mungu iwe hivyo.

Nimemwambia Mwita kama sishuki mimi, winchi haitoki hapa. Akavua ile kofia yake, akaivaa tena. "Bhoke, wewe ni shida kama mjomba wako," akasema. Amekubali. Sijawahi kusikia sifa iliyonitisha namna hiyo.

Kengele ya kanisa imelia, sasa hivi watatoka, na sitaki wanikute na macho haya. Kwa hiyo pumzika, Mjomba wangu. Nakuahidi sitafuta tena kitu chako kwa sababu tu mimi sikukielewa. Nitauliza, hata kama wa kumuuliza hayupo, nitakaa nacho mpaka kinijibu. Na hakuna mtu atakayekaa kwenye winchi yangu kabla sijakaa mimi.

Kesho nitavaa ovaroli lako, nimekunja mikono mara tatu. Kamba tutaipitisha chini, kama siku ile. Kwanza kiroba, halafu mimi. Marwa ameomba ashike kishikio yeye. Na wakati wa kupanda, nikifika nusu ya njia, miguu haigusi kitu, nitamwita mwanao kwa jina nimwambie aachie.

Bhoke