Vijiti vya Memori na Mikono ya Kaka Yako

Gereji ya Spana,
Barabara ya Kiwandani, mlango wa bluu.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu za kujaza tela zima, na zilizobaki tumezifunga kamba juu. Hujambo? Shemeji yangu hajambo? Na yule kijana wenu Kifungo, ameota meno au bado anatafuna kwa ufizi? Baridi ya huko imekupunguza nini, maana wewe tangu utoto hukuwa na cha kupunguzwa? Kama unaumwa kifua, pona kwanza ndipo uendelee kusoma. Barua hii ina kicheko.

Sisi huku wazima. Goti la Mama limetulia, siku hizi anakwenda kwa jirani kugombana na kurudi bila fimbo. Shemeji yako bado anaoka mikate, mtaa mzima unaamka kwa harufu yake, nami nazidi kunenepa kwa kazi ya kuonja. Mimi mwenyewe sina ugonjwa wowote isipokuwa uzuri, na huo umewashinda madaktari.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Kwenye simu una tabia ya kunikatiza nikifika patamu. Karatasi haikatizwi. Halafu humu ndani nimekukunjia kitu, usikifungue mpaka nikuambie. Najua umeshakifungua. Kikunje tena.

Haya. Vile vijiti viwili vya memori ulivyotuma kwa ajili ya kompyuta vilifika Alhamisi ya wiki iliyopita, vimefungwa ndani ya soksi zako za sufu. Soksi nimezivaa, ahsante. Vijiti nikavitazama juu na chini. Vyembamba, virefu kama kidole, vina meno ya dhahabu upande mmoja. Nikamwambia mke wangu, "Hivi ndivyo vya kuongeza akili? Mbona hata biskuti ni nene kuliko hivi?" Akanijibu, "Basi kimoja kitie kwenye kompyuta, kingine kitie kichwani kwako." Ndiye shemeji yako huyo, hajabadilika.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Unajua binti yetu Rula tangu amalize chuo cha kuchora majengo alikuwa anauza mikate na mama yake. Halalamiki, ila alikuwa anachora ramani za nyumba juu ya mifuko ya mikate, mpaka wateja wakawa wanakula mkate na kutunza mfuko. Sasa kampuni moja ya wachoraji ikampa mtihani: achore nyumba ya familia kwenye kiwanja chembamba, aitume kabla ofisi haijafungwa Ijumaa. Walioomba wengi, nafasi moja. Na ile kompyuta yetu ya mezani, kila akifika kwenye paa na kutaka kuligeuza alione upande wa pili, picha inaganda. Anazima, anawasha, anaanza upya. Ndiyo maana ulimsikia kwenye simu sauti imekauka.

Ijumaa asubuhi nikafunga gereji. Mimi, Spana, kufunga gereji! Lori la mchanga liko juu ya jeki, dereva wake ananiita, nikamwambia asubiri, nina upasuaji.

Rula akataka kufungua kompyuta yeye. Nikakataa katakata. Nikamwambia, mashine za nyumba hii nafungua mimi tangu wewe hujawa hata wazo. Mimi niliyeshusha gia boksi katikati ya daraja, mvua inanyesha, foleni ya honi nyuma yangu mpaka mpakani! Mimi niliyelala chini ya malori kwenye bandari ambazo hata majina yake siwezi kuyaandika! Shule niliiacha mapema, nakubali, lakini vyuma sikuviacha. Kwa hiyo kidude cha plastiki ndiyo kinishinde?

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo unapoingia wewe. Ulinitumia ujumbe wa sauti. Nimeutunza, na Mama anausikiliza kila siku kama redio. Ulisema hivi: "Kaka, nakuomba. Mikono yako naijua. Hiyo siyo nati ya tairi. Zima, chomoa waya, gusa chuma kwanza umeme wa mwilini ukutoke, halafu ingiza polepole, kama umeshika kifaranga." Ulisema, hukusema?

Basi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikafuata maelekezo. Nikachomoa waya. Nikagusa chuma. Nikanawa mikono kwa sabuni mpaka nikaiona ngozi yangu, tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Rula ameshika tochi. Nikavitoa vijiti vya zamani, nikaviweka vipya juu ya vijitundu vyake, nikavibonyeza kwa ncha za vidole huku nimezuia pumzi.

Mama kwenye kiti chake akasema, "Mwangalie. Hata mwanawe hakumshika hivyo."

Tukawasha. Taa ikawaka, feni ikazunguka, skrini nyeusi tii. Halafu ikaanza kulia. Piii. Kimya. Piii. Kimya. Piii.

"Baba, inalia nini?"

"Inasalimia."

"Baba!"

Nikaacha utani, kwa sababu niliiona midomo yake. Nikabadilisha waya wa umeme. Nikachomoa na kuchomeka waya wa skrini. Rula akasema tufute yale meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikayafuta. Tukahamisha vijiti kutoka tundu hili kwenda lile. Vyote hivyo kifaranga, kifaranga. Piii. Mwisho nikatoa vipya nikarudisha vya zamani, vile vile vilivyofanya kazi usiku uliopita. Piii!

Hapo jasho likanitoka. Kijiti kipya kikikataa utasema hakijazoea mashine. Lakini cha zamani kukataa nyumba kiliyolala jana?

Shemeji yako akamwita Antena, yule fundi redio wa jirani mwenye suruali yenye mifuko mingi kuliko zana zake. Antena akainama, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema. "Bodi imekufa. Mmeiunguza. Niachieni nikae nayo wiki."

"Wiki?" Rula akasema. "Ofisi inafungwa leo." Na kompyuta za duka la fotokopi hazina ile programu yake ya kuchorea, tulishauliza. Akakaa sakafuni, tochi inawaka mapajani. Mdogo wangu, nimeona lori na mzigo wake likitumbukia mtoni, na siku ile nilikula chakula nikashiba. Hii ya mtoto kukaa sakafuni, hii sikuiweza. Michoro yake ilikuwa mle ndani, na aliyesema "sogea nifungue" ni mimi.

Mama akagonga mkono wa kiti chake. "Lizimeni hilo dude, linanichoma masikio."

Rula akainuka kuchomoa waya. Akachomoa. Kisha akabaki ananitazama. Hanitazami usoni, anatazama chini, kwenye mikono.

"Baba, vijiti vipya vimekataa."

"Vimekataa."

"Vya zamani navyo vimekataa."

"Navyo vimekataa, mama."

"Waya tumebadilisha. Matundu tumebadilisha. Kitu gani hatujabadilisha?"

Nikafikiri sana. "Umeme?"

"Mikono yako."

Antena alicheka kwanza, nikamkata jicho. Rula akamulika ndani. "Ona hivi vishikizo vya pembeni. Kijiti kikiingia sawasawa vinajifunga vyenyewe. Vyote viko wazi! Umekiweka juu juu tu. Hujakisukuma."

"Baba yako mdogo alisema kifaranga!"

"Baba, miaka yote humsikilizi mtu. Leo ndiyo umeamua kusikiliza?"

Shemeji yako alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Mama, ambaye humjui kwa kucheka, mabega yakatikisika. Rula akaniwekea vile vipya mkononi, akanipisha. "Waya nimeshachomoa. Sasa sukuma kama wewe."

Nikaweka gumba huku na gumba huku. Nikasukuma. Bodi ikapinda kidogo, roho ikaruka, sikuacha. Ta! upande mmoja. Ta! upande wa pili. Vishikizo vikainuka vikakumbatia kijiti kama shangazi anavyokumbatia mgeni. Cha pili nacho, ta, ta. Nimesikia malori yaliyojaa yakipata gia katikati ya mlima, lakini sauti tamu kama ile, bado.

Tukawasha. Ikatoa pi moja fupi, kama mtu anayesafisha koo, na skrini ikawaka.

Kelele za nyumba ile ungezisikia huko uliko kama usingekuwa umevaa kofia masikioni. Mkate uliungua jikoni na hakuna aliyejali. Antena akapiga makofi akisema, "Nilijua tu!" Alijua nini? Yule dereva wa lori la mchanga, aliyekuwa amekuja kunigombeza, akajikuta anakumbatiwa na Mama, akaondoka na kipande cha mkate hajui kilichompata.

Rula akaligeuza paa. Likageuka laini kama gurudumu lililotiwa grisi. Akaligeuza tena, na tena, bila sababu yoyote, anacheka peke yake. Akamaliza kuchora akatuma, ofisi ikiwa bado wazi, sisi sote tumesimama nyuma yake kama watu wanaongoja penalti.

Sasa kifungue kile nilichokukunjia.

Ndiyo nyumba yenyewe, ameichapisha kwa ajili yako. Kiwanja ni hiki hiki chetu, wewe mwenyewe unakijua kwa wembamba wake. Nyuma ni jiko la mikate lenye bomba la moshi. Pembeni gereji. Chumba cha Mama kimegusana na uzio, ili agombane na jirani bila kutembea. Na hicho cha mbele chenye dirisha kubwa hakikuandikwa kitu. Kampuni walipomwita wiki hii wakamuuliza hicho ni cha nani. Akawaambia, "Kina mwenyewe, ila yuko mbali kidogo. Ndiye aliyetuma memori." Wakacheka, wakampa kazi. Anaanza kesho. Nguo zimepigwa pasi tangu jana, na Mama ameweka kiti kando yake, anazilinda.

Kwa hiyo chumba chako kipo, angalau kwenye karatasi. Kila mara unasema utakuja halafu unasema nyumba yetu ndogo, mtatusumbua, mtatubana. Acha upole wako huo, tumeshaona ulivyotaka kutuulia kompyuta. Bebeni mabegi mje, tutabanana.

Rula anakusalimu, anasema mshahara wa kwanza utarudisha soksi zako, maana mimi sizivui. Mama anakusalimu na kukuuliza kama unakula. Shemeji yako anakusalimu kwa mkono wenye unga. Antena naye ameomba atajwe, nimemtaja. Msalimie shemeji yangu, na mbusu Kifungo kwenye ufizi. Mungu awalinde na baridi hiyo, awape riziki isiyoisha na safari isiyoahirishwa.

Ni mimi nikupendaye kuliko seti yangu yote ya zana,
Kaka yako,
Spana

N.B. Mlango wa bluu bado unakwama vile vile, umevimba zaidi. Mkifika usiuguse kwa ncha za vidole ukarudi zako ukidhani hatupo. Weka bega, sukuma mpaka usikie ta!